Kichanganuzi Kilichodai Bismillahi

Lugha niliyoitunga mimi ina maneno machache kuliko ya kasuku, na mpaka leo ina mwandishi mmoja tu duniani. Mwandishi huyo ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, mpishi wa shughuli. Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo wakioza binti, wakimtia mtoto jandoni, wakisoma maulidi au hitima, anayesimamia masufuria ni yeye. Kabla ya masufuria alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi fulani, enzi za mashine zile zilizokuwa zikilia kengele mwisho wa mstari. Vidole vyake kumi havijasahau kitu. Akigusa kibodi, paka hutoka chumbani.

Mimi nilisoma kompyuta chuo kikuu, Dar, nikarudi nyumbani na tabia ileile niliyoondoka nayo, ya kuuliza. Kwa nini pilau ipaliwe makaa juu na moto uko chini? Kwa nini mtu apige hodi na mlango uko wazi, sisi tunamwona na yeye anatuona? Kwa nini mgeni aliyeshiba alazimishwe kusema ameshiba mara tatu ndipo aaminiwe? Mama husema kwamba siku niliyozaliwa nilimtazama mkunga kama ninayemdai kitambulisho.

Kazi yangu naifanya chumbani. Naandika programu za watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona, nao hawajaniona. Kwa baba, mstaafu wa bandarini, hilo peke yake lilitosha kutia shaka. Baba haamini kazi ambayo mtu hatoki mlangoni asubuhi kuiendea, akarudi jioni amechoka. Mimi nilikuwa nachoka nikiwa nimekaa, na kwake hilo ni jina jingine la uvivu.

Shida ya mama mkubwa ilikuwa hivi. Siku za shughuli nyingi huwa na meko mawili, mtaa huu na mtaa ule, na wasaidizi wa meko ya pili humpigia simu bila kukoma. Mama, viazi kiasi gani? Mama, nyama tunaitia sasa au bado? Alitaka aandike agizo mara moja, kwa maneno yake mwenyewe, kisha kompyuta impigie hesabu na kumtolea karatasi ya sokoni na karatasi ya jikoni. Nilimwonyesha programu ya hesabu yenye majedwali, akaikataa palepale. "Vyumba vyumba kama gesti," alisema. "Mimi sipiki gesti."

Ndipo nikamtungia lugha. Nikaitengenezea na kichanganuzi, yaani ile sehemu ya programu inayosoma ulichoandika na kuamua kama kinaeleweka. Ni kama bawabu. Hili neno lipite, hili lirudi lilikotoka. Nikaandika mfano mfupi wa pilau ya watu wachache, nikampa ausome. Alisoma, akavua miwani.

"Mbona imeanza hivi hivi?"

"Hivi vipi, mama?"

"Hivi hivi, kama mbuzi anavyoingia shamba la mtu. Bismillahi iko wapi?"

"Mama, kompyuta haili pilau."

"Haili, lakini itaipika?"

"Haipiki pia. Inapiga hesabu tu."

"Basi hesabu isiyo na bismillahi ndiyo inayokufanya uishiwe nyama katikati ya shughuli, watu wamekaa mkao wa kula."

Nikamwuliza kama mashine ikisomewa bismillahi huwa inajua. Akanijibu kwamba hata mimi nimesomewa mengi tangu utoto na haionekani. Mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alicheka mpaka punje zikamtoka kwenye ungo.

Nilishindwa mjadala ule, nikafanya kile ambacho hufanywa na mtu aliyeshindwa mjadala halafu akawa anajua kuandika programu. Niliifanya sheria. Mstari wa kwanza wa kila agizo lazima uwe Bismillahi, la sivyo kichanganuzi hakisomi hata herufi moja zaidi. Kisha, bila kuombwa na mtu yeyote, nikaongeza sheria ya pili. Kila mstari unaotaja jambo la baadaye lazima uishie na inshallah. Kama tunaingiza adabu, nilijiambia, tuiingize yote. Nilidhani nafanya mzaha. Tatizo la mzaha wangu ni kwamba niliuandika vizuri, ukafanya kazi.

Mwanzoni tulikitumia kichanganuzi kwa njia ya kizamani. Mama mkubwa anaandika agizo lote, mimi nafungua dirisha jeusi la amri, naliita agizo kwa jina lake, na dirisha linatoa ama karatasi ya sokoni ama neno moja: Kosa. Kosa likiwa moja tu, karatasi haitoki. Ndivyo nilivyokipanga. Niliona fahari kuwa na kitu kisichobembeleza.

"Silitaki dirisha hili," alisema mama mkubwa baada ya siku chache. "Jeusi kama kaniki, halafu linasubiri nifike mwisho ndipo liniambie nimekosea mwanzo. Mtu mwenye adabu angenigutusha palepale nilipokosea. Mbona simu inafanya?"

Alikuwa anataka aonywe kama simu inavyomwonya akiandika, kwa mstari mwekundu chini ya neno. Hilo lilimaanisha kukichomeka kichanganuzi changu ndani ya kihariri, ile programu tunayoandikia programu nyingine. Kihariri chenyewe hakijui lugha ya mtu. Kina mfumo wa kupokea viungo vya nje, plagini, na kila plagini huja na ujuzi wake. Kihariri kinauliza, plagini inajibu. Niliona ni kazi ya kawaida tu.

Wakati huohuo, mwangalizi wa shamba la mananasi alilotuachia marehemu babu kule Kiwangwa aliacha kazi, akaenda kufungua duka Msata. Baba akaitisha kikao barazani baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa yeye, mama, mama mkubwa, mdogo wangu wa kike aliyekuwa nyumbani likizo, na mimi.

"Mananasi yanataka mtu," alisema baba. "Na mtu asiye na kazi katika nyumba hii ni mmoja."

"Nina kazi, baba."

"Nionyeshe."

"Si kitu cha kuonyesha, ni kitu cha—"

"Basi. Haionekani."

"Na wewe baba?" akauliza mdogo wangu. "Si umestaafu?"

"Mimi nina watu wananisubiri," alisema baba, akimaanisha wenzake wa bao.

Sina ubaya na Kiwangwa. Mananasi yake nayala mpaka ulimi unawasha. Ila katika lile shamba letu mtandao hupatikana kwa mtu kuinua simu juu kama anayeapa, akaizunguka nyumba. Watu wangu wa mbali wasingenisubiri nizunguke. Kwenda kule kungekuwa mwisho wa kazi yangu, na kila mtu pale barazani alilijua hilo, hata baba, ambaye hakuamini kwamba kazi yenyewe ipo.

Mama mkubwa ndiye aliyeniokoa, nusu. "Shemeji," alimwambia baba, "huyu ananitengenezea kitu changu. Mwache mpaka harusi ya hapa jirani."

Baba akafikiri, akatoa masharti. Siku ya kwenda sokoni kwa ajili ya harusi ile, angekaa atazame kwa macho yake. Mama mkubwa angeandika agizo la harusi mwenyewe mpaka karatasi ya sokoni itoke. Mimi nisingegusa kitu. Karatasi ikitoka, nabaki na kompyuta yangu na sitasumbuliwa tena. Isipotoka, Jumatatu napanda gari la Msata, nashukia Kiwangwa.

"Kwa nini Jumatatu?" nikauliza.

"Unaona?" baba akamwambia mama. "Unaona?"

Kuunganisha kichanganuzi na mfumo wa plagini, kumbe, kwanza ni mambo ya salamu. Kihariri kikiamka kinatuma ujumbe: mimi ni fulani, naweza hiki na kile, wewe je? Plagini inajibu: mimi ni fulani, naweza hiki. Halafu kihariri kinathibitisha kwamba kimesikia, ndipo kazi inaanza. Maelezo ya kihariri yalisema hatua zote ni za lazima. Mimi nikaona hizo ni zile hodi za mlango ulio wazi. Kichanganuzi kipo, kihariri kipo, vinatazamana, kuna haja gani? Nikaruka salamu, nikakifanya kichanganuzi kianze moja kwa moja kutaja makosa.

Kihariri hakikusema kitu. Hakikutoa hata kosa. Kilinyamaza kama mtu uliyempita barazani bila kumwamkia, anayekutazama tu mpaka uishie. Asubuhi nzima nilikigombeza kwa sauti.

"Una nini na hiyo kompyuta?" aliuliza mama kutoka uani.

"Haisemi na mimi!"

"Umeiamkia?"

Alikuwa ananitania, na aliendelea kunitania kwa wiki nzima, akipita dirishani kwangu na kusema shikamoo kompyuta, kisha akijijibu marahaba kwa sauti nyembamba. Kilichonikera ni kwamba nilipoziweka salamu zote kwa utaratibu wake, kihariri kilifunguka na kuanza kuzungumza kama jirani mwenye habari.

Baada ya hapo nilifanya uamuzi mmoja wa kijinga kwa sababu za kitaalamu kabisa. Mfumo ule unakupa njia mbili za kupokea maandishi. Kila mara mtu anapobonyeza herufi, kihariri kinaweza kukutumia ukurasa wote upya, au kikutumie kile kipande kilichobadilika tu. Maelezo yaliisifu njia ya pili kwa wepesi wake. Nikachagua vipande, na kila kipande kilichofika nikakipeleka kwa kichanganuzi kama kilivyo. Nikajaribu kwa kunakili agizo zima na kulibandika kwa mpigo. Likapita bila mstari mwekundu hata mmoja. Nikamwita mama mkubwa aje kufanya mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Alikuja na miwani yake ya ofisini. Akanyoosha vidole, akabonyeza B.

Mstari mwekundu ukatokea chini ya B. Pembeni pakaandikwa: Kazi haijaanzwa kwa jina la Mungu.

"Si ndilo naliandika!" alisema.

Akaendelea. Kila herufi ikaja na onyo lake, na maonyo hayakuweza kwenda na kasi yake, kwa hiyo alipokuwa mwisho wa neno bado yalikuwa yakitokea ya mwanzo, kama mtu anayeitikia salamu ya jana. Akalifuta neno, akaliandika kwenye simu yake, akanituma nilihamishe kwa mpigo. Likakubaliwa. Akashusha pumzi, akaenda mstari wa pili, akabonyeza M ya mchele.

Kazi haijaanzwa kwa jina la Mungu.

"Tena?"

"Inaonekana—"

"Nimeshalitaja hapo juu! Haioni?"

Ilikuwa haioni kweli. Kichanganuzi kilipokea M peke yake, bila ukurasa, bila historia, na sheria ilikuwa sheria. Mama mkubwa akabandika Bismillahi nyingine mbele ya mchele. Ikapita. Akabandika mbele ya nyama. Alipofika kwenye bizari nzima alikuwa amejaza ukurasa, na pilau yenyewe haionekani ilipo.

"Mwanangu," alisema, akikunja mikono, "mimi ni mtu wa dini. Nafunga, naswali, na Mungu akipenda nitakwenda kuhiji. Lakini hii inanizidi. Kitunguu kimoja kimoja?"

Kabla sijajibu, mdogo wangu aliingia amebeba simu yake kama amebeba yai. "Dada, hebu niambie ukweli. Kompyuta yako ina nini?"

Alhamisi iliyopita alikuwa ameiazima kompyuta yangu aandike kazi ya chuo kuhusu ufugaji wa kaa kwenye mikoko. Aliandika katika kihariri changu kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Na mimi sikuwa nimeiambia plagini ikae kwenye maagizo ya mama mkubwa tu. Niliiacha isome kila kitu. Ikamsomea na kaa wake. Kila sentensi ikapigwa mstari mwekundu kwa kutoanzwa kwa jina la Mungu.

"Sasa ulifanyaje?" nikauliza, nikianza kujua.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka kompyuta yako itumike! Nikabandika Bismillahi mbele mpaka wekundu ukaisha."

"Kila sentensi?"

"Kila sentensi. Nikamtumia mwalimu."

Akageuza simu tuone jibu. Mwalimu wake alikuwa ameandika mstari mmoja tu: Amina, lakini marejeo yako yako wapi?

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama alikuja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akakaa chini sakafuni. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa akihesabu siku. Baba alikuwa barazani na alikuwa amesikia vicheko. Alipaza sauti, "Imetoka karatasi?"

"Bado!" akajibu mdogo wangu.

"Mwambieni atafute na buti. Huko kuna nyoka."

Kurekebisha kulinichukua siku zilizobaki. Kuifunga plagini isome faili za mama mkubwa peke yake kulikuwa rahisi. Kumfanya bawabu akumbuke alichokwisha kukiona ndiyo ilikuwa kazi. Plagini sasa ikawa inajiwekea nakala ya ukurasa wote, kila kipande kikifika inakibandika mahali pake, kisha inaupeleka ukurasa mzima usomwe. Nikaifundisha kusubiri pia. Mtu akiwa bado anapiga herufi, nyamaza. Akitua, ndipo useme. Na kichanganuzi chenyewe nikakifanya kikikuta mstari mbovu kiuweke alama, kiendelee na unaofuata, badala ya kugoma, ila karatasi isitoke mpaka alama zote ziishe.

Hili la mwisho lilinitesa. Nilikuwa na imani kwamba kosa ni kosa, na kitu kinachovumilia sentensi nusu kitavumilia upuuzi. Nikalieleza hilo kwa mdogo wangu aliyekuwa amelala mkekani akiandika upya habari za kaa, safari hii kwa kalamu.

"Yaani mtu akianza kusema, unataka umkatize kabla hajamaliza, umwambie amekosea?" alisema.

"Kichanganuzi, si mimi."

"Haya."

"Kwa nini unasema haya hivyo?"

"Unaona?" alisema, kwa sauti ya baba.

Siku ikafika. Baba alihamisha kiti chake cha kamba kutoka barazani akakiweka nyuma ya meza yangu, mkono wa kulia, kama msimamizi wa mtihani. Mimi niliamriwa nisimame mlangoni, mikono nyuma. Mama mkubwa alikuja amejifunga kanga mpya, kikapu cha sokoni kiko chini ya meza. Nyama nzuri huwahiwa, alisema, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Akaandika Bismillahi. Kimya. Hakuna wekundu. Akaandika mchele na kiasi chake, nyama, viazi, vitunguu, vitunguu saumu, bizari nzima, iliki, mdalasini. Vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati. Mahali pamoja aligeuza herufi za nyama. Plagini ikasubiri atue, ikapiga mstari chini ya neno lile tu, na pembeni ikauliza: Nyama?

"Ndiyo, nyama," mama mkubwa aliiambia, akasahihisha. "Leo imeuliza kwa adabu."

Baba alisogeza kiti mbele kidogo. Nilianza kupumua.

Akaingia sehemu ya kupika. Kaanga vitunguu. Tia nyama. Tia mchele. Kisha akaandika: Baada ya nusu saa, palia makaa. Akatua.

Mstari mwekundu, mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Pembeni: Jambo lijalo halina inshallah.

Katika mazoezi hatukuwahi kufika huku, na enzi za dirisha jeusi alikuwa akiandika vitu vya sokoni tu. Tuliishia kwenye bizari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau kabisa ile sheria ya pili.

Baba aliinama, akaisoma kwa sauti, polepole, neno moja moja, kama anayeonja. Mtu asiyejua nyumba yetu hawezi kuelewa furaha ile. Tangu baba amuoe mama, mama mkubwa amekuwa akimkumbusha. Shemeji, hujanawa. Shemeji, mguu wa kulia kwanza. Shemeji, umeanza kula kimya kimya? "Shemeji," alisema baba, "umesahau inshallah."

"Sijasahau."

"Inasema umesahau."

"Inasema uongo. Haihusiki hapa."

"Inshallah haihusiki?" Baba aliweka mkono kifuani. "Wewe ndiye unayesema?"

"Sikiliza, shemeji. Mimi nikikwambia, baada ya nusu saa niletee maji, utasemaje?"

"Nitasema inshallah."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Mimi nimeisema?"

"Hukuisema."

"Ehee. Anayeagizwa ndiye anayeitikia. Nikiwaandikia wale wasaidizi wangu, palia makaa inshallah, watajua hata mwenyewe sina haja. Watakwenda kulala. Pilau itatoka bokoboko."

Niliposikia hivyo nilijua amepatia. Miaka yote naulizia hodi na shikamoo za watu, na sheria niliyoitunga mwenyewe kwa mzaha sikuwahi kuiuliza hata swali moja. "Baba," nikasema kutoka mlangoni, "naomba nifute mstari mmoja. Mmoja tu."

"Mikono nyuma."

"Mama, basi liandike tu, karatasi itoke," nikamwambia mama mkubwa.

"Siandiki. Nimeshika mwiko kabla baba yako hajamjua mama yako, leo nifundishwe kuagiza na kibodi?"

"Nyama itaisha sokoni."

"Iishe."

Kiti cha kamba kikalia. Baba alikuwa anasimama. "Maneno ya shemeji ni mazuri," alisema, "nami siyapingi. Lakini tulipatana. Karatasi haijatoka. Basi mananasi—"

"Shemeji." Mama mkubwa hakugeuka kumtazama. Alitumia sauti yake ya jikoni, ile ambayo wasaidizi wakiisikia huinuka kabla hawajajua wanatakiwa kufanya nini. "Jumatatu utakwenda Kiwangwa wewe, ukae huko mpaka mananasi yavunwe."

"Inshallah," alisema baba.

 Mama, aliyekuwa amesimama uani nyuma ya dirisha, ndiye aliyepasuka kwa kicheko kwanza.

"Ah! Hapana," alisema baba. "Imenitoka tu. Ni mazoea."

"Mazoea?" mama mkubwa akageuka sasa, taratibu, na kiti chake. "Unamtaja Mungu kwa mazoea, shemeji?"

 Baba alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda alitaka niulize swali lolote. Kwa mara ya kwanza sikuwa nalo. Akachukua kofia yake akatoka, na alipofika barazani tulimsikia akiwaambia wenzake wa bao kwamba ana safari, kwamba shamba haliwezi kuachiwa watoto.

Kwa kuwa hapakuwa tena na msimamizi, nilikwenda kwenye meza nikaifuta sheria ya pili. Wekundu ukaondoka, karatasi ya sokoni ikatoka kwenye printa. Mama mkubwa aliinyakua kabla haijamaliza kutoka vizuri, akaitia kikapuni na kwenda zake. Nyama aliipata, ingawa alisema haikuwa ile aliyoitaka.

Jumatatu baba alipanda gari la Msata akiwa na buti, redio na mwavuli. Kazi yangu ikabaki salama. Nikaibadilisha plagini. Sasa mama mkubwa akiandika jambo la baadaye na kutua, pembeni hutokea herufi ndogo za kijivu: Inshallah. Yenyewe ndiyo inayoitikia. Mama mkubwa anasema katika wasaidizi wake wote huyo ndiye aliyelelewa.

Jumatano baba alipiga simu akiwa amesimama juu ya kichuguu. Sauti ilikuwa inakuja na kuondoka. Alikuwa amewaagiza vibarua wapalilie upande wa bondeni, wote wakasema inshallah, na hakuna aliyenyanyuka. Alitaka kujua kama kompyuta yangu inaweza kufanya lolote.

"Kwanza, baba," nikamwambia, "unawaagizaje?"